Nimechora maduara manne ya ikigai, katikati pamebaki patupu. Nifanyeje?

Zuhura_M:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mimi ni mhasibu. Kazi naimudu, bosi hana neno nami, mshahara unaingia kwa wakati. Lakini tangu nivuke miaka thelathini, naamka asubuhi najiuliza: hivi haya ndiyo maisha yenyewe? Siumwi, silii usiku, sina deni la kunikosesha usingizi. Ila kuna kitu hakijakaa sawa na sijui nikishike wapi.

Mfanyakazi mwenzangu akanitumia mchoro wa ikigai, neno la Kijapani la kile kinachokufanya uone maisha yana thamani. Nadhani wengi mmeuona, yale maduara manne yanayopandana. La kwanza unaandika unachokipenda, la pili unachokiweza, la tatu dunia inachokihitaji, la nne unachoweza kulipwa. Pale yote manne yanapokutana ndipo penye kusudi la maisha yako. Na tunaambiwa Wajapani wanaishi miaka mingi kwa sababu kila mmoja anapajua hapo pake.

Nikakaa, nikajaza. Uwezo: hesabu, kutunza kumbukumbu, uvumilivu na kazi ndogondogo. Malipo: uhasibu. Hapo sikupata taabu. Kwenye ninachokipenda jibu lilikuja kabla sijashika kalamu: kusoma kwa sauti. Nina kikundi tunachorekodi nacho vitabu kwa ajili ya watu wasioona. Jumamosi najifungia kwenye chumba kidogo, nazima simu, nasoma sura moja au mbili kwenye kinasa sauti. Nikikosea neno narudia sentensi nzima, nikiona mhusika amebadilika nabadili sauti. Nikitoka mle natamani Jumamosi nyingine ifike. Na kwamba dunia inakihitaji, hilo halina ubishi. Vitabu vya sauti ni vichache mno kuliko wanaovisubiri.

Tatizo, hakuna anayenilipa kwa kusoma na simwoni wa kunilipa. Uhasibu nao sikuwahi kuupenda kiasi hicho. Nimepanga, nimepangua, nimefuta, nimeandika upya, katikati panabaki patupu.

Kwa hiyo nauliza. Mtu anaweza kukosa ikigai kabisa? Niache uhasibu nitafute namna ya kuufanya usomaji uwe ajira? Na niliwahi kudokezewa kuhusu njia nyingine ya Kijapani ya kujichunguza, unakaa kimya na kujiuliza maswali matatu. Ni kitu kimoja na ikigai au ni viwili tofauti? Aliyeijaribu tafadhali aniambie.

Baraka77:

Dada, usiache kazi. Mimi nachora. Kuna wakati niliamua kuchora ndiyo iwe riziki, na kwa miaka ile nilichora nilichoagizwa, kwa rangi nilizoagizwa, kwa haraka niliyoagizwa. Mkono ulifanya kazi lakini ile hamu ya kuamka nikachungulie picha niliyoiacha jana usiku iliondoka. Nimerudi kwenye ajira, na hamu nayo imerudi. Hiyo Jumamosi yako ilinde.

MwanafunziMzee:

Dada Zuhura, salaam. Nilisomea uhandisi Japani nikiwa kijana, na hiyo njia ya maswali matatu niliikalia juma zima. Inaitwa Naikan, nami nitaieleza kwa kirefu. Lakini kwanza niuondoe huo mchoro njiani, maana unakutesa bure.

Maduara hayo manne hayakutoka Japani. Yaliundwa na Mhispania, Andrés Zuzunaga, na yeye pale katikati aliandika "kusudi" kwa Kihispania. Mwaka 2014 mwanablogu mmoja, Marc Winn, akiwa amevutiwa na habari za wazee wanaoishi miaka mingi kisiwani Okinawa, Japani, alichukua mchoro ule, akaondoa neno la katikati, akaweka ikigai. Ukasambaa dunia nzima kwa sura hiyo. Kwa mtu anayechagua fani au anayetaka kufungua biashara una msaada wake, siupuuzi. Ila kuufanya mizani ya kupimia kama maisha yako yana maana, hapo ndipo unapoumiza watu.

Wajapani niliokaa nao hawakuwa wakiizungumzia ikigai hivyo. Mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima, nilipomuuliza yake ni nini alinyoosha kidole kwenye maua ya asagao aliyokuwa akiyapandisha kwenye vijiti kando ya mlango. Yale maua hufunguka alfajiri na kunyauka kabla jua halijakolea, kwa hiyo yeye alikuwa nje kila asubuhi kabla ya sisi wapangaji kuamka. Profesa wangu, mtu wa vyeti ukutani, alijibu kwamba ni kwaya anayoimba jioni. Maabara yake hakuitaja. Hakuna aliyeona aibu kutaja kitu kidogo, na hakuna aliyetaja mshahara.

Ukitaka kulielewa jambo hili kwa kina, mtafute Mieko Kamiya. Alizaliwa 1914, akafariki 1979, daktari wa magonjwa ya akili. Akiwa na miaka 19 alifika kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma na akatamani maisha yake yaende huko. Nyumbani wakampinga, na yeye mwenyewe akaugua kifua kikuu. Ikabidi angoje. Ilipofika 1957, akiwa tayari ni mke na mama wa watoto wawili, ndipo alipoanza kazi ya utafiti na tiba kwenye hospitali ya Nagashima Aiseien.

Nagashima ni kisiwa kidogo mkoani Okayama, katika Bahari ya Ndani ya Seto. Hospitali ile ilifunguliwa 1930, na watu walipelekwa kule kwa lazima, wakitengwa na familia zao. Wengi walibadilishwa hata majina ili ukoo usiaibike. Kisiwa kimetenganishwa na nchi kavu na mkondo mwembamba wa maji, lakini daraja halikujengwa hadi 1988, na sheria iliyowatenga ilifutwa 1996. Chora yale maduara manne kwa mtu wa pale. Ajira hana. Anachokiweza, vidole vimekwisha. Dunia imeshamwambia haimhitaji.

Kamiya alikuta nini? Alikuta wengi ambao ugonjwa wao ulikuwa mwepesi lakini wanalalamika kwamba maisha hayana maana tena. Na akakuta wengine, baadhi wakiwa na hali mbaya zaidi, waliokuwa na furaha ya kuishi ambayo madaktari wenyewe hawakuwa nayo. Jambo hilo halikumpa raha mpaka aliandika kitabu kizima, "Ikigai ni tsuite", yaani "Kuhusu Ikigai", kilichotoka 1966. Ndani yake alitaja mahitaji ya moyo ambayo ikigai huyatimiza: kuhisi kwamba siku zako zimejaa, kukua na kubadilika, kuwa na kesho unayoitazamia, kuitikiwa na watu, uhuru, kuwa wewe mwenyewe, na kuona maana na thamani. Malipo hayamo.

Hapo kwenye kuitikiwa naomba usimame kidogo, dada, kwa sababu ya hizo Jumamosi zako. Pale Nagashima palikuwa na wagonjwa ambao ukoma uliwapofusha na pia ukaua hisia za vidole. Nukta nundu husomwa kwa ncha za vidole. Wao vidole havihisi kitu. Wakajifunza kuzisoma kwa ulimi. Walipitisha ulimi juu ya zile nukta mstari kwa mstari, na mwanzoni karatasi ilikuwa ikilowa mate na damu. Mwaka 1953 waliunda bendi ya vinanda vya mdomo, Aoi Tori, yaani Ndege wa Buluu, na nota walizisoma kwa njia hiyohiyo. Watu walikuwa tayari kuchubua ndimi zao ili wapate maneno na muziki. Ukikaa kwenye kile chumba chako ukijiuliza kama unachokifanya kina uzito, wakumbuke hao.

Sasa Naikan. Ni kitu tofauti na ikigai. Ikigai ni hali unayokuwa nayo. Naikan ni zoezi, lina muda na utaratibu. Aliyeliunda ni Ishin Yoshimoto, aliyezaliwa 1916, akafariki 1988, mfanyabiashara wa mji wa Yamato-Koriyama mkoani Nara. Alilitoa kwenye desturi kali ya baadhi ya Wabuddha wa madhehebu ya Jodo Shinshu, ambamo mtu alijifungia bila kula, bila kunywa wala kulala hadi aione nafsi yake. Yeye akaondoa ule ukali na mambo ya dini, akabakiza kujichunguza, akafungua nyumbani kwake mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuja. Ndiyo maana likaingia hadi magerezani na kwenye tiba ya walevi.

Unafika, simu na vitabu unaviacha. Unapewa kona ya chumba chenye mikeka ya tatami, na mbele yako wanasimamisha kiwambo cha kukunja. Nyuma ya kiwambo hicho unakaa tangu alfajiri hadi usiku. Chakula unaletewa hapohapo. Unatoka kwa ajili ya choo, kuoga na kulala. Kazi yako ni moja. Unamchukua mtu mmoja, kwa kawaida unaanza na mama au aliyekulea, na kipindi kimoja cha maisha, tuseme kabla hujaanza shule. Kisha unajiuliza: nilipokea nini kutoka kwake? Nilimpa nini? Nilimletea usumbufu gani? Ukimaliza kipindi hicho unakwenda kinachofuata, miaka mitatu hivi kwa mara moja, mpaka leo. Halafu baba. Halafu ndugu, mwalimu, mwenzi.

Kila baada ya saa moja na nusu hivi anakuja msikilizaji. Anapiga magoti nje ya kiwambo, anainama hadi paji la uso linakaribia mkeka, anakifungua na kuuliza umechunguza nini. Unasema kwa dakika chache. Hakushauri, hakusifu, hakulaumu. Anashukuru, anauliza utakachochunguza baadaye, anainama tena, anaondoka. Mzee aliyekuwa akinisikiliza mimi alikuwa na magoti mabovu, nilikuwa nayasikia yakilia kila alipoinama, na bado aliinama vilevile kwangu, kijana mgeni ninayeongea Kijapani cha kuokoteza.

Mara ya kwanza nilimwambia mama alinilea vizuri na kunipenda. Akaniomba, kwa upole sana, nitafute kitu alichokifanya, siku fulani, mahali fulani. Hapo ndipo zoezi linapoanza kuuma. Nilikuwa na kisa nilichokuwa nikikisimulia tangu utotoni, cha usiku niliovunjika mkono. Maumivu yangu, ujasiri wangu, plasta niliyokwenda kuonyesha shuleni. Nyuma ya kile kiwambo, kwa mara ya kwanza, nikamwona mama ndani ya kisa hicho. Alikaa kwenye kiti cha mbao usiku kucha akiushikilia mkono wangu usianguke kando ya kitanda. Asubuhi alinawa uso kwenye bomba la uani akaenda kazini moja kwa moja. Nguo alizokwenda nazo ni zilezile za jana. Picha hiyo nilikuwa nayo kichwani miaka yote, ila sikuwa nimewahi kuitazama.

Swali la nne, usumbufu gani nilioletewa mimi, halimo. Yoshimoto aliliacha makusudi, kwa sababu hilo kila mtu analijua kwa moyo bila kukaa popote.

Utauliza, haya yanahusianaje na kusudi la maisha? Nitakuambia nilivyoona mimi, na hili usilichukue kama mafundisho ya Naikan. Orodha ya niliyopokea ilikuwa ndefu hata nikaona haya. Orodha ya nilivyotoa ilikuwa fupi. Lakini kwenye ile fupi kulikuwa na kitu kilichojirudia kwa kila mtu niliyemchunguza, tangu nikiwa mdogo. Cherehani ya mama nilikuwa naifungua na kuitia mafuta. Redio ya babu niliiunga waya. Miwani ya mwalimu niliifunga kwa skrubu ya saa. Hakuna aliyenituma, na nilikuwa nafanya kabla mtu hajaomba. Mimi nilikuwa nimekwenda Japani nikiota mabwawa na madaraja makubwa, nikidhani huko ndiko kuliko kusudi langu, na kumbe kwa miaka yote mikono yangu ilikuwa imeshaonyesha inapokwenda yenyewe.

Leo mshahara wangu unatokana na umeme, kazi ya ofisini, naiheshimu. Jioni natengeneza viti vya magurudumu vya watu, hasa zile beringi za mbele zinazojaa mchanga na nywele. Mwenye kiti akikaa na kukisukuma bila kile kilio cha chuma, mimi siku yangu imejaa. Sijawahi kujiuliza tena ikigai yangu ni ipi.

Kwa hiyo dada, badala ya kuuliza wewe unataka nini, uliza umepokea nini, kutoka kwa nani, na umekuwa ukitoa nini bila kutumwa. Huhitaji kusafiri. Watu wengi wanafanya Naikan ya kila siku nyumbani, nusu saa jioni, na daftari. Chagua mtu mmoja. Andika vitu vinavyoshikika, siyo "alinijali". Na muda wako mwingi uupe swali la tatu, hata kama linakera, maana ndivyo Yoshimoto alivyosisitiza, zaidi ya nusu.

Muuguzi_Zawadi:

Kaka MwanafunziMzee, shukrani, nimejifunza mengi hapo. Lakini mimi ni muuguzi na nakutana na watu waliolelewa na mikono iliyowaumiza. Binti aliyepigwa au kuharibiwa na baba wa kambo, leo umwambie akae aandike usumbufu aliomletea mtu huyo? Watu wa aina hiyo tayari wanaamini kosa ni lao. Unaweza kumrudisha shimoni ukidhani unamwonyesha njia. Tafadhali wanaosoma uzi huu wasilifanye zoezi hili kwa mtu aliyewatesa wakiwa peke yao.

MwanafunziMzee:

Dada Zawadi, umesema kweli na nakubaliana nawe bila kupunguza neno. Mtu wa namna hiyo asianze na aliyemuumiza. Kuna bibi, kuna jirani aliyemfungulia mlango, kuna mwalimu. Aanze na huyo, na kama kidonda bado kibichi awe na mtaalamu karibu. Naikan haidai useme kwamba uliyemchunguza hakuwa na hatia, na isitumike na mtu mwingine kukunyamazisha. Nikisikia mzazi anamwambia mwanawe "kaa ufanye Naikan ujue nilivyokulea", hapo hakuna tena zoezi, kuna ubabe.

Kalamu_na_Takwimu:

Naongeza kuhusu hili la kuishi miaka mingi, kwa sababu linasemwa ovyo. Upo utafiti wa kweli wa watu wa Ohsaki, mkoa wa Miyagi, uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku na kuchapishwa 2008. Waliwafuatilia watu zaidi ya 43,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, kwa miaka saba. Swali lilikuwa moja na rahisi: je, una ikigai maishani mwako? Asilimia 59 hivi walisema ndiyo, zaidi ya theluthi hawakuwa na uhakika, na chini ya asilimia 5 walisema hapana. Waliosema hapana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya kipindi kile, hata baada ya kuzingatia umri, sigara, magonjwa na mengineyo. Tofauti ilionekana kwenye magonjwa ya moyo na mishipa ya damu na kwenye vifo vya sababu za nje kama ajali na kujiua. Kwenye saratani haikuonekana.

Tuwe waangalifu kwa pande zote mbili. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba ikigai ndiyo iliyowaongezea miaka. Na waliosema hawana walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutokuwa na ajira, kutokuwa na mwenzi, kuwa na maumivu ya mwili na msongo. Kwa hiyo tusimwambie mtu asiye na kazi kwamba tatizo lake ni kukosa tafakuri. Ila dada Zuhura, ona kwamba zaidi ya theluthi ya watu wale, Wajapani wenyewe, walijibu kama wewe: sina hakika. Uko na watu wengi.

Zuhura_M:

Wakuu, nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nafanya, sikutaka kujibu maneno matupu. Asanteni wote. Baraka, nimekuelewa, siachi kazi.

Nilianza na shangazi yangu maana ndiye aliyenilea. Jioni za kwanza niliandika yaleyale uliyoyakataza, kaka MwanafunziMzee: alinipenda, alinisomesha. Nikayakata. Halafu kikaja kitu. Shangazi alikuwa akitunza daftari la mapato na matumizi ya nyumba, usiku, mezani, kwa penseli aliyoichonga kwa kisu. Mimi nikiwa mdogo alinipa kazi ya kujumlisha safu ya kulia, yeye ya kushoto, kisha tunalinganisha. Kama hazikuoana hakusema nimekosea, alisema "turudi juu". Tulirudi juu mpaka zikaoana. Mimi uhasibu sikuusomea kwa sababu ya ajira, nilipewa pale mezani. Miaka yote hii nimekuwa nikiuona ni kitu kilichonizuia kuishi, na kumbe ni katika vitu nilivyopokea.

Kwenye nilivyotoa nimekuta ulichosema, kinajirudia. Lakini si kusoma peke yake. Ni kukaa na mtu mpaka kitu kieleweke. Nilimsomea shangazi barua macho yake yalipoanza kuchoka, nilimkalisha mdogo wangu na jedwali la kuzidisha, kazini vijana wapya wananijia mimi wakikwama, ingawa si mimi ninayetakiwa kuwafundisha.

Limetokea na jingine. Kikundi chetu cha kurekodi kilikuwa kimekwama kuomba fedha za vifaa kwa sababu hesabu zake hazijawahi kukaguliwa. Nilijua hilo muda mrefu na sikuwahi kusema neno, nilidhani Jumamosi ni mahali pa kukimbia namba. Juzi nikawaambia wanipe stakabadhi zote. Wakaniletea mfuko mzima wa nailoni, nyingine zimefifia huwezi kuzisoma bila taa kali. Nimeshapanga za mwaka jana. Kuna msichana kwenye kikundi, haoni, anataka kujifunza kutunza hesabu kwa kompyuta inayosoma kwa sauti. Tunafanya naye. Namsomea safu, yeye anaingiza, kisha anajumlisha upya kwa kichwa kuhakiki, na ananishinda kwa kasi.

Bado nina swali moja. Swali la tatu sijaligusa kwa shangazi, naliogopa kidogo. Na sijui pa kuanzia kwa sababu alinichukua nikiwa na miaka sita. Kabla ya hapo nilikuwa na mama, nami simkumbuki vizuri.

MwanafunziMzee:

Anza siku ile aliyokuja kukuchukua, na uiandike polepole: alikuja na nani, alivaa nini, nani alibeba mzigo wako. Ukiikamata siku hiyo, mengine yatafuata. Swali la tatu usilifanye usiku ukiwa umechoka, lifanye asubuhi.

Kwa mama, usijilazimishe kukumbuka. Kama shangazi bado yuko hai, nenda umuulize yeye mama alikuwa akikufanyia nini ukiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu. Nani alikuwa akikuosha, ulikuwa ukilala upande gani. Andika atakayokuambia kwenye safu ya ulivyopokea. Na ukienda, nenda na kitabu umsomee.